Nani Aliyemharimishia Mgonjwa Kusema?



Kuna neno moja linalozunguka katika majumba yetu, mwambao na bara, na wenye kulisema hulisema kwa sauti ya upole kana kwamba wanatoa nasaha. Nalo ni hili: mtu aliyepatwa na maradhi ya akili kisha akapata nafuu, basi na anyamaze. Asiseme mbele za watu alipatwa na nini, wala anakunywa dawa gani, wala kwamba maradhi hayo yaweza kumrudia. Humwambia: "Mola amekusitiri, nawe jisitiri." Neno hili lina sura ya dini, lakini ukilipekua ndani hukuti dini. Utakuta khofu ya majirani, na khofu ya mahari ya mabinti, na pengine khofu ya watu walio na deni kwa mgonjwa huyo na hawataki akumbuke. Makala haya nimeyaandika kulipinga neno hilo, na nalipinga kwa dalili.

Maradhi ninayoyakusudia khasa ni yale ambayo madaktari wa leo huyaita baipola. Watu wengi wameyaona ingawa hawajui jina lake. Mtu mmoja, tena mara nyingi kijana wa miaka kumi na minane au ishirini na kitu, hupandishwa na hali yake mpaka juu kabisa: halali usiku tatu, nne, wala hachoki, maneno yanamtoka mengi na ya haraka, fedha anazitapanya, anajiona kwamba hapana lisilowezekana kwake. Kisha baada ya wiki au miezi huporomoshwa chini: hatoki kitandani, hali, haogi, na moyoni mwake mna giza ambalo huwatia wengine katika fikra ya kujiua. Baina ya hali hizo mbili yeye ni mtu kama wewe na mimi, hufanya kazi yake na kulea wanawe. Matabibu wa kale waliyajua. Aretaeus, tabibu wa Kiyunani wa zama za Warumi, aliandika kwamba huzuni ile na wazimu ule wa furaha huweza kumpata mtu yule yule, na Ibn Sina aliieleza milango yote miwili katika kitabu chake cha tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa na maradhi haya. Basi usidhani ni jambo la ukoo fulani wa mtaa wa nyuma.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimesomesha watoto wa Karagwe zaidi ya miaka ishirini, na wengi wa jamaa zangu wa pwani wakiniandikia huuliza huku kuna Waislamu wangapi, kana kwamba nimehamia mwisho wa dunia. Lakini njia hii wazee wetu waliijua. Kafuro, hapo Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani, na mmoja wao alikuwa Ahmad bin Ibrahim, ambaye Stanley alimkuta akiishi huko mwaka 1876. Ahmad huyu ndiye aliyefika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, akamwona mfalme akiamrisha watu wauawe ovyo, na wote barazani wamenyamaza. Yeye akasimama akamwambia mfalme kwamba watu wale wameumbwa na Mungu, Mungu yule yule aliyempa yeye ufalme. Alikuwa mgeni, mfanyabiashara, na kunyamaza kungemfaa zaidi. Namtaja kwa sababu katika nchi hii hii leo naona watu wenye elimu na nyumba zao na heshima zao, hakuna mfalme anayewatisha, na bado hawathubutu kusema mbele ya jamaa zao kwamba mtoto wao anatibiwa akili.

Sasa nikueleze kisa kilichonitoa kalamu.

Yuko kijana wa wilaya ya Kyerwa, ile ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Yeye mwenyewe alitaka nimtaje kwa jina, mama yake hakutaka, nimemtii mama. Kijana huyu alisoma kwetu, akahifadhi juzuu kadhaa, akawa akiadhini katika msikiti wa kwao. Mwaka mmoja, mbele ya Ramadhani, alianza kuzidisha ibada. Usiku kucha anaswali. Mchana anafunga, jioni anafundisha, na baada ya Isha anawaidhi watu mpaka taa zinazimwa. Watu wakamsifu. Mzee mmoja alisema kijana huyu ana nuru. Akaanza kuadhini saa nane za usiku, na wapo walioamka wakaswali wakasema ni baraka. Baadaye akasema ameoteshwa kwamba msikiti ule utakuwa mkubwa kuliko misikiti yote ya Kagera, basi akaenda kwa mlanguzi akauza kahawa ya babake mrehemu, shamba zima, ikiwa bado maua mtini. Wenyeji wa huku huiita biashara hiyo butura, nayo ni wizi uliovikwa nguo ya biashara. Serikali imeipiga vita miaka nenda miaka rudi na haijafa, kwa sababu mwenye shida hana subira ya kungoja kahawa iive. Fedha alizopata zilikuwa kidogo kuliko nusu ya haki yake. Akazichukua zote akazipeleka msikitini. Kamati ikazipokea. Wakanunua mazulia.

Mwezi haukwisha. Kijana akaanza kugombana na watu, akavua kanzu barabarani, akasema maneno makubwa kuhusu nafsi yake ambayo sitayaandika hapa. Sasa wale wale waliosema ana nuru wakasema ana jini. Akafungwa kamba, akapelekwa kwa mtu anayejiita fundi wa ruqya, akakaa huko siku kumi na moja, na aliporudishwa alikuwa na ubavu uliovunjika. Hospitali ndiko alikolala, akapewa dawa, akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha likaja lile shimo la pili, miezi mitatu hakusema neno na mtu. Kisha, kwa rehema za Mola na kwa vidonge ambavyo anavimeza mpaka leo, akasimama.

Mpaka hapo kisa ni cha kawaida. Kilichonikasirisha ni kilichofuata. Kijana alipopata afya alikuja msikitini, akaomba baada ya swala ya Isha aseme maneno machache. Alitaka kuwaeleza watu kwamba alikuwa mgonjwa, ugonjwa wake una jina na una dalili, na kwamba wakimwona tena halali usiku wamwambie mama yake wampeleke hospitali mapema. Hayo tu. Akakatizwa. Mjumbe mmoja wa kamati akasimama akasema msikiti si mahali pa kutangaza aibu, na kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha sitara. Na tangu siku hiyo akakatazwa kuadhini pia.

Ewe ndugu yangu, tuitazame hoja ya sitara, maana hiyo ndiyo ngao yao.

Sitara tuliyoamrishwa ni sitara ya madhambi. Mtu akifanya maasia usiku, Mola akamfunika, kisha akaamka asubuhi akaanza kuyasimulia, huyo ndiye aliyekemewa. Maradhi ni maasia? Nani kati ya wanavyuoni wa madhehebu zote nne amesema homa ni dhambi, au upofu ni dhambi? Kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu mpaka apate akili, haandikiwi kosa. Basi akiwa hana kosa, unamsitiri nini? Unaposema maradhi yake ni aibu ya kufichwa umekwisha kumhukumu kwa jambo ambalo Mola hakumhukumu.

Tena kuna khabari inayojulikana kwa kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba ana maradhi ya kuanguka, na anapoanguka nguo humfunuka. Akahiarishwa: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba dua nguo isimfunuke. Akaombewa. Tazama vizuri aliomba nini. Aliomba mwili wake usitirike, wala hakuomba maradhi yake yasijulikane. Na miaka baadaye Ibn Abbas alimwonyesha mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah mwanamke huyo kwa kumwashiria, akamwambia huyo ni mtu wa Peponi. Kwa hiyo maradhi yake yalijulikana mjini, yeye mwenyewe ndiye aliyeyasema, hakuna sahaba aliyemwambia nyamaza, na akaonyeshwa watu kwa heshima. Anayetaka kumziba mgonjwa mdomo kwa jina la Mtume, kwanza aeleze atafanya nini na hadithi hii.

Wengine hukimbilia upande wa pili: kusema maradhi ni kumshitaki Mola. Hili nalo halisimami. Mtume mwenyewe alipoumwa kichwa alimwambia Bibi Aisha kwamba kichwa kinamuuma. Nabii Ayubu alimwita Mola wake akaeleza dhara lililompata. Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yakapofuka, na wanawe walipomlaumu hakukana huzuni yake. Kueleza si kulalamika. Kama kueleza maradhi ni kumshitaki Mola, basi kila anayeingia chumba cha daktari akasema tumbo linaniuma amekufuru.

Sasa nataka tuingie mahali ambapo kuficha kunaleta dhulma iliyo wazi, nayo ni katika mali na ndoa. Hapa sitapita haraka.

Wanavyuoni wameafikiana kwamba mauzo ya mwendawazimu na zawadi yake, akiwa katika wazimu wake, havisihi. Sharia imemwekea ukuta kwa rehema, mtu asije akamnyang'anya mali wakati akili yake haipo. Lakini ukuta huo utasimamaje ikiwa hakuna anayejua? Mlanguzi yule aliyenunua kahawa ya kijana wetu alisema hakujua, na huenda kweli hakujua, kwa sababu jamaa wa kijana walikuwa wamekwisha kuona dalili kama hizo miaka miwili nyuma, wakazificha. Walipomwendea kudai shamba, aliwauliza mbona hamkusema? Hawakuwa na jibu. Aibu waliyoificha ndiyo iliyomlinda mnunuzi na kumwacha yatima bila kahawa yake.

Na fedha za msikiti je? Hapa nitasema waziwazi. Fedha ile haikuwa sadaka. Sadaka huhitaji nia, na nia huhitaji akili. Wanakamati wananiambia: "Lakini siku ile alikuwa anasema vizuri, amevaa kanzu safi, amesoma dua ndefu." Suali lao ni zuri, nami nalijibu kwa suali: nani shahidi kwamba hakuwa na akili siku ile? Ni nyinyi. Nyinyi ndio mlioisikia adhana saa nane za usiku. Nyinyi ndio mlioona kwamba hakulala usiku tisa. Nyinyi ndio mlioambiwa habari ya ndoto. Mlipokuwa mnapokea fedha mkamwita walii, na fedha zilipokwisha kuwa mazulia mkamwita majnuni. Mtu hawi walii siku ya kutoa na majnuni siku ya kudai.

Ama ndoa, mwambao wote najua kilio chake ni hiki: "Akisema, nani ataoa kwetu?" Lakini rudini kwenye vitabu mlivyosomeshwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii wazimu ni miongoni mwa kasoro zinazompa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa, na wameandika kwamba ni sawasawa ukiwa wa daima au wa kuja na kuondoka. Kasoro yenye hukumu kama hiyo, kuificha ni kumghilibu mtu. Sasa angalia tunavyofanya: msichana anaolewa bila kuambiwa, bwana anapandwa na maradhi mwezi wa nne, msichana anarudi kwao na mimba na majonzi, na nyumba mbili zinakuwa maadui. Kisha tunasema jini limeharibu ndoa. Nami nimeona pia ndoa iliyofungwa kwa kusema kweli: mchumba akaambiwa, akaenda na mwenziwe kwa daktari akauliza maswali yake, akarudi akakubali. Anajua vidonge viko wapi na anajua usiku wa ngapi wa kukosa usingizi ni wa kuita gari. Ni kweli kwamba wako watakaokataa, na sitawadanganya wazazi kwamba hawako. Mwenye kusema atalipa bei, na pengine dada zake watalipa pamoja naye. Lakini anayekataa baada ya kuambiwa amekuondolea talaka.

Nije kwa mafundi wa majini, maana wao ndio wenye faida kubwa katika kunyamaza huku.

Sikanushi majini, sura nzima imeteremka kwa jina lao. Wala sikatazi kusomewa Qurani. Mimi mwenyewe huwasomea wagonjwa, na sichukui chochote. Lakini kutoka kwenye kuamini majini mpaka kusema kwamba kila asiyelala usiku amepandwa na jini ni safari ndefu, na njiani pana duka. Kombe lina bei yake, azima ina bei yake, mbuzi mweusi ana bei yake, na mgonjwa asipopona huambiwa jini lake ni la baharini na linataka zaidi. Tena hawa wa siku hizi wameongeza jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: humwamuru mgonjwa atupe vidonge vya hospitali, eti dawa ya Qurani haichanganywi na dawa ya makafiri. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, na akaeleza kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Hakusema dawa itafutwe kwa nani na iachwe kwa nani. Na ule ubavu uliovunjika, fundi alijibu kwamba hakumpiga kijana, alilipiga jini. Basi mbona jini halikuingia kwenye mashine ya picha, bali ubavu wa kijana ndio uliotokea?

Wazee wetu katika Uislamu walikuwa na akili nyingine. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akieleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa kama mwili. Nur al-Din alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, na humo wenye maradhi ya akili walikuwa na mahali pao pa kutibiwa, kwa fedha za wakfu. Fedha za wakfu, ndugu zangu! Walichukua mali ya waliokwisha kufa wakamtibia mgonjwa, na sisi tumechukua mali ya mgonjwa tukatandika msikiti.

Hata majina ya hospitali tumeyageuza matusi. Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, imebeba neno ambalo kwa Waganda jirani zetu ni amani. Lakini nenda kijiwe chochote Tanzania, mtu akikosea hesabu ya chenji anaambiwa apelekwe Mirembe. Unguja ni Kidongo Chekundu, Kenya ni Mathari. Baada ya hapo tunastaajabu kwamba mgonjwa haendi.

Watu wa Kagera hawana udhuru wa kutoelewa madhara ya kunyamaza, maana wamekwisha kuyalipia. UKIMWI ulipoonekana Tanzania kwa mara ya kwanza, mwaka 1983, ulionekana mkoa huu. Watu waliuita Juliana, wakasema ni kulogwa, wakasema ni mkosi wa magendo ya mpakani, na waliokufa walizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Nimefika huku nikakuta mashamba ya migomba yanaangaliwa na mabibi na wajukuu, kizazi cha kati hakipo. Kilichoanza kuwafumbua watu macho pamoja na dawa ni watu wenyewe wagonjwa, waliosimama wakasema: mimi ninao, na bado naishi. Walitukanwa kwanza. Leo mama anakwenda kliniki mchana kweupe kuchukua vidonge vyake, na hakuna anayemgeukia.

Katika maradhi haya ya akili nako wako waliokwisha kusimama. Bibi Sitawa Wafula wa Kenya, mwenye kifafa na baipola, alikuwa amefungika nyumbani kwa maradhi. Akaanza kuandika khabari zake mwenyewe, kisha akaanzisha njia ya watu kupata msaada kwa ujumbe wa simu bila malipo, na mwaka 2017 alizungumza mbele ya mkutano mkubwa Arusha. Marekani, Kay Redfield Jamison, ambaye ni msomi na mwalimu wa elimu hii hii ya maradhi ya nafsi, alitoa kitabu mwaka 1995 akaeleza kwamba yeye naye ni mgonjwa, na kwamba kwa muda mrefu alikataa dawa mpaka karibu imuue. Hapo Kampala, watu waliolazwa Butabika na kupata nafuu wamefunzwa kuwashika mkono wagonjwa wanaotoka wodini. Anayejua njia ya kutoka shimoni ni yule aliyepata kuingia, na fundi wa majini hajapata kuingia.

Lakini nisieleweke vibaya. Kusema ni haki ya mgonjwa, si haki yako wewe jirani. Ukimtangaza bila idhini yake hilo ni kusengenya, hata kama ni kweli, na hukumu ya kusengenya unaijua. Wala si lazima kila mgonjwa asimame mimbarini. Mwingine humtosha mkewe na kaka yake na daktari. Tena kijana wetu amenifundisha jambo ambalo sikulifikiri: yeye hasemi khabari zake anapohisi amepanda, kwa kuwa wakati huo ulimi wake si wake, atasema ya kwake na ya wengine. Husema akiwa ametulia, na kabla ya kusema humuuliza mama yake: "Mama, nimelala vizuri wiki hii?" Mama akisema hapana, anaahirisha.

Na kwa kuwa nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili zina mgonjwa asiyetajwa, nizungumze kidogo juu ya Ramadhani, maana ndiko wengi wanakoharibikiwa. Madaktari wameeleza kwamba kukosa usingizi humpandisha mtu mwenye baipola. Sisi katika Ramadhani tunageuza usiku kuwa mchana: tarawehe, kisha kisimamo, kisha daku. Kwa mtu huyu usiku kumi wa mwisho waweza kuwa mlango wa maradhi. Na aswali kwa kiasi chake, alale. Usingizi wake ni tiba yake. Tena kuna dawa iitwayo lithiamu, aina ya chumvi, ambayo daktari Cade wa Australia alionyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza wazimu huu, na mpaka leo ni katika dawa bora zake, bali inataka damu ipimwe mara kwa mara. Mwenye kuitumia akikaukiwa na maji mwilini, dawa yaweza kuzidi katika damu mpaka ikawa sumu. Basi asifunge kabla ya kumuuliza daktari wake, na asiache dawa kwa ajili ya saumu. Mgonjwa ameruhusiwa kula katika Qurani yenyewe. Akipona atalipa, na ikiwa maradhi hayatarajiwi kuondoka atatoa fidia, kibaba kwa kila siku. Imamu anayemwambia mgonjwa kwamba vidonge ni udhaifu wa imani anajitia katika hatari ya kuulizwa damu ya mtu. Na tazama: kama mgonjwa amenyamazishwa, imamu atajuaje nani wa kumpa fatwa hii? Atawahimiza wote kwa pamoja wakeshe, na huyu mmoja atakesha mpaka aangamie.

Limebaki suala la adhana. Kamati inauliza itakuwaje maradhi yakimrudia akiwa juu ya kipaza sauti. Jibu lake liko katika vitabu vya mwanzo kabisa tunavyosomesha watoto: adhana ya mwenye akili inasihi, na ya asiye na akili haisihi. Siku aliyo mzima, na aadhini. Siku aliyo mgonjwa, mwingine atashika. Yeye mwenyewe amekwisha kuwaandikia kwa mkono wake dalili saba za kuangalia, na barua hiyo anayo katibu, haijasomwa. Nami nimewaandikia juu ya bei ya mazulia, ambayo ni haki ya kijana na ndugu zake wawili wadogo katika mirathi ya baba yao. Wamejibu kwamba mazulia yamekwisha kukanyagwa na hayawezi kurudishwa dukani. Mimi sikutaja duka. Nilitaja fedha, na msimu wa kahawa unakuja. Msikiti una vishamba viwili vya wakfu nyuma ya kisima, na safari hii visiuzwe maua.